Matone ya Kisima Namba Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Wageni wamefika Gunsuru. Gari moja jeupe, kreti za chupa za kahawia, wanaume wawili wa kubeba, na binti mmoja wa Kotonu mwenye glavu. Glavu! Kama anayekuja kumzalisha ng'ombe.

Wamekuja kupima maji ya visima. Wanasema mashamba ya pamba yamesogea mpaka kwenye kuta za nyumba zetu, na dawa ya wadudu tunayopulizia imeshuka ardhini ikaingia kwenye maji ya kunywa. Nikawaambia dawa ile inajua kazi yake, kazi yake iko juu ya majani, haina shughuli chini ya ardhi. Wakacheka kwa adabu. Sikuipenda ile adabu.

Mimi ndiye mkubwa wa mtaa wa juu. Kisima chetu nilikichimba mwenyewe na marehemu baba, pima tisa, kwa sururu mbili na matusi mengi. Kwa hiyo maji ya ukaribisho niliyapeleka mimi. Kibuyu kipya. Desturi ni desturi: mwenyeji anakunywa kwanza, mgeni aone hakuna ubaya. Kisha mgeni anakunywa. Kisha ndiyo habari zinaulizwa. Nikanywa. Nikampa binti. Akapokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa, akakiinua kibuyu mpaka puani.

Akanusa. Akakiweka chini.

Akasema ahsante babu, nimeshakunywa njiani.

Njiani! Mbele ya watu wote! Na Seko, mkubwa wa mtaa wa chini, ambaye tulitahiriwa naye siku moja na akalia kuliko mimi, akapaza sauti isikike mpaka Banikoara: "Pole, Boni. Maji yako yamekataliwa hata kabla hayajapimwa!"

Nimeshindwa kula. Yaani nimekula, lakini bila furaha.

Ni kweli, mwezi wa nane maji yetu yana harufu kidogo. Kidogo tu. Kama mtu aliyepita na bomba la dawa mgongoni akaenda zake. Lakini naapa kwa sururu ya baba: kipimo kitasema kisima changu ni kisafi kuliko vyote kumi na viwili vya Gunsuru. Binti yule atakunywa kibuyu kizima na kuomba cha pili.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi! Nimepata kazi! Miaka sabini na moja, na vijana wamejaa vibarazani wakichokoa meno kwa vijiti.

Shule imefungwa, kwa hiyo darasa la tatu wameligeuza maabara. Mimi masomo yangu yaliishia darasa la tatu. Nimerudi pale pale nilipoachia.

Binti anaitwa Fifame. Nimeanza kumwita mke wangu mdogo, ili asahau habari ya kibuyu. Akajibu kwamba hana neno, ila aulizwe kwanza mke mkubwa kama kweli anataka msaidizi wa kumsugua babu magaga. Ulimi anao.

Kazi yenyewe hii. Maji lita moja, chupa ya kahawia, maana mwanga unaiharibu ile sumu. Plastiki mwiko, maana sumu inaganda kwenye plastiki. Chupa inainamishwa juu ya mrija mfupi, mnene kama sindano ya ng'ombe, ndani umeshindiliwa unga mweupe. Unga unaloweshwa kwanza kwa spiriti. Kisha maji yanapita humo tone, tone, tone. Maji yanatoka chini, sumu inabaki imeung'ang'ania unga. Mrija unafungwa kwa karatasi ya kung'aa, unaandikwa namba, unalazwa kwenye kasha la barafu, unakwenda Kotonu. Kule wanauosha kwa spiriti nyingine kali, sumu ya lita nzima inashuka katika kichupa kidogo kama jino la mtoto, ndipo mashine inaisoma; rangi haiitazami, inatafuta sumu tu.

Nikasema mbona hii ni kazi ya wanawake wetu? Wanajaza majivu kwenye chungu chenye matundu, wanamwagia maji, magadi yanadondoka chini. Fifame akafurahi sana. Akasema ndivyo, babu, ila kinyume. Nyinyi mnataka kinachodondoka, sisi tunataka kinachobaki.

Sharti moja tu. Unga usikauke kabla maji hayajaisha. Ukikauka, mrija umekufa. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa kukaa na kutazama matone saa nzima na zaidi, asiinuke, asitangetange. Mkuu wa kijiji hakufikiri hata dakika. Akanitaja mimi.

Bake, mke wangu, aliposikia alicheka mpaka akaegemea kinu. Akasema watu wametoka Kotonu, mwendo wa siku mbili, kutafuta mtu anayejua kukaa. Wakampata nyumba ya kwanza!

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi tumezunguka visima vyote kuchota. Chetu ni namba saba.

Fifame aliitazama ndoo ya kisima chetu kwa muda mrefu. Ni dumu la dawa ya pamba lililokatwa mdomo. Dumu imara sana. Akauliza nani alilikata. Nikasema tulilikuta hivyo. Bake akakohoa. Fifame akatazama lile jiwe la kando ya kisima, lenye madoa meupe. Akauliza nani anaoshea hapa mabomba ya kupulizia. Nikasema watu wa mtaa wa chini, wana tabia mbaya wale. Bake akakohoa tena, kikohozi kirefu, mtu angedhani ana pumu.

Bomba langu naliosha pale tangu pamba ilipofika kijijini. Maji yako karibu, ningeoshea wapi?

Mchana. Mpango. Chupa namba saba ilikuwa mezani, imejaa mpaka shingoni, inasubiri zamu. Fifame na wenzake wakaenda kula viazi vikuu vya kutwanga kwa mkuu wa kijiji. Wakaniacha nilinde. Nilinde!

Nilikuwa na mifuko miwili ya maji ya kiwandani, nimeinunua dukani nikaificha kwenye kofia. Dakika mbili tu. Maji ya kisima yakatoka dirishani, yakaangukia mwarobaini. Maji ya mfuko yakaingia kwenye chupa. Nikafuta shingo ya chupa kwa shati. Nikakaa kama mtakatifu.

Fifame akarudi, akatia spiriti yake kidogo, akafungulia. Tone. Tone. Tone. Mirija mingine yote unga wake ulishageuka rangi: wa namba mbili njano, wa namba nne kama uji wa mtama. Wa kisima cha Seko ulikuwa kahawia, kama kitu kilichounguzwa. Wetu ukabaki mweupe kama pamba ya daraja la kwanza.

Fifame akauinamia. Akasema babu, kisima chenu kimenishangaza.

Nikasema sisi wa mtaa wa juu hatupendi kujisifu.

Siku nzuri kuliko zote tangu arusi ya mwanangu Sanni.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya kuliko zote tangu nizaliwe.

Mkuu wa kijiji ameita mkutano. Ametangaza mambo ambayo mtu mwenye akili angeyatangaza Jumatatu. Visima viwili vitakavyoonekana na sumu nyingi kuliko vyote vitafukiwa, na kila kimoja kitachimbiwa badala yake kisima kirefu cha pampu, maji ya chini kabisa ambako dawa haifiki. Visima vilivyo safi vitabaki kama vilivyo.

Kama vilivyo!

Ungemwona Seko! Mtu aliyekisifia kisima chake miaka hamsini akageuka palepale. Akasema kisima chake kinanuka kuliko zizi. Akasema nzi wakikatiza juu yake wanaanguka. Akasema kuku wake walikunywa wakasahau njia ya nyumbani. Na wanawake wa mtaa wetu nao hawakukubali kushindwa, wakasimama kutetea uchafu wetu. Mmoja akasema chetu kilimtoa malengelenge. Mwingine akasema sufuria yake ilitoboka. Bake akasema kwa sauti yake ile ya taratibu: "Msigombane. Mashine itasema. Kila mtu anajua chetu ndicho cha kwanza."

Nami nikatazama miguu yangu.

Jioni hii wanawake wetu wamechagua mahali pa kuweka pampu. Pale penye mti wa shea, ili wapate kivuli wakisubiri zamu. Bake amepapima kwa hatua zake. Tangu mvua zianze anakwenda kijitoni, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, beseni kichwani, kwa ajili ya maji ya mjukuu wetu tu, kale katoto ka Sanni kalikoachishwa ziwa. Maji ya kisima anakataa kumpa. Mwaka jana alimpa dada wa mtoto huyo, tumbo likamshika wiki tatu. Tukamwuguza tukasema ni mapepo. Bake hakusema ni mapepo. Alinitazama tu, na akalitazama bomba langu ukutani.

Amenipakulia chakula. Nimesema nimeshiba. Amenitazama tena.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na dirisha la darasa la tatu, lakini walijua.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya maabara. Niliamka na nia njema. Naiandika hapa ili ijulikane kwamba ilikuwapo.

Nilimwendea Fifame mapema. Nikazunguka. Nikauliza hivi, kwa mfano, mrija ukiharibika inakuwaje. Akaacha alichokuwa anafanya. Akasema, babu, nina mrija mmoja wa akiba. Mmoja tu. Kama kuna kilichoharibika hapa, niambie sasa, nichote maji upya, kwa saa mbili tutakuwa tumemaliza. Jioni tunaondoka. Kuharibu si aibu, hata mimi nimeharibu mingi. Shida ni kuficha.

Maneno yalikuwa tayari ulimini. Yalikuwa yamevaa na viatu. Nikafungua kinywa.

Seko akachungulia mlangoni. "Vipi, Boni? Umeshalala juu ya matone?"

Nikasema hakuna kilichoharibika, mke wangu mdogo. Nilikuwa nauliza tu, napenda elimu.

Mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na nimezaa: nimezaa mpango wa pili.

Mpango wa pili ni huu. Kama mrija namba saba hauna sumu, basi upewe sumu! Sumu ninayo, nusu chupa, chini ya kitanda. Nikaitia kidogo kwenye kichupa cha dawa yangu ya macho, kile chenye kidondoshi. Mchana wakaenda tena kula kwa mkuu. Wakaniacha tena nilinde. Watu hawa wana imani ya ajabu.

Nikafungua kasha la barafu. Nikafungua karatasi ya kung'aa. Mrija namba saba, mweupe, mpole. Nikatia tone moja. Nikafikiri: cha Seko kinaua nzi hewani. Nikatia la pili. Nikafikiri juu ya Bake na lile beseni. La tatu. La nne sikulitaka, liliteleza. La tano ni kwa sababu la nne lilikwenda upande mmoja, haikupendeza.

Nikafunga vizuri. Nikafuta mikono kwenye suruali.

Fifame aliporudi alisimama mlangoni, pua juu. Akauliza harufu gani hii. Nikasema ni dawa yangu ya kuchua goti. Akauliza inaitwaje, ili asije akainunua.

Wameondoka na makasha yao. Nimepunga mkono mpaka vumbi likaisha. Majibu baada ya wiki mbili au tatu.

Nimemwambia Bake ajiandae kupata pampu. Amelifuta beseni lake, akalitundika. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 27 Agosti

Majibu yamekuja. Fifame ameyaleta mwenyewe, na nyuma yake lori la mashine ya kuchimba.

Tulikaa wote chini ya paa la soko. Akasoma. Kwanza, kisima cha Seko. Mtaa wa chini wakapiga vigelegele kama wameambiwa wamepata mapacha! Seko akainuka akainama kila upande, kama bwana arusi. Pili, kisima cha sokoni. Vigelegele tena. Kisha Fifame akageuza karatasi.

Namba saba imeandikwa kwa wino mwekundu.

Akasema mashine ya Kotonu iliposoma mrija ule ilikabwa. Ilibidi waizime na kuiosha siku mbili. Akasema kwa kipimo kile, mtaa wa juu wote ungekuwa umezikwa mwezi uliopita, na waliozika wangefuata. Watu wa mtaa wa juu wakatazamana. Mama mmoja akajishika kifua kuhakikisha. Fifame akasema kiasi kile hakiwezi kutoka kisimani, kinatoka kwenye chupa. Kwa hiyo namba saba imefutwa. Si kisafi, si kichafu. Hakipo. Kisichopimwa hakichimbiwi.

Seko akanong'ona, lakini kwa mnong'ono wake ule wa kuita ng'ombe: "Kisima cha Boni kimefariki. Matanga lini?"

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe aliacha.

Fifame hakunishitaki. Alipokuwa anakunja karatasi zake alipita karibu yangu, akaniuliza kwa upole goti langu linaendeleaje.

Nikasema linaendelea.

Sijawahi kutamani kutukanwa kama leo.

Alhamisi, 28 Agosti

Wameanza kuchimba kwa Seko. Mashine inanguruma kutwa. Nimekaa ndani. Mlango umefungwa, lakini ngurumo haijui milango.

Bake ameamka, amesokota kata yake ya kitambaa, amechukua beseni, ameshika njia ya kijitoni. Nikamfuata. Sijui kwa nini. Yeye mbele, mimi nyuma, kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Hakugeuka. Nimeijua njia ile leo kwa mara ya kwanza tangu ujana. Ina mawe mengi. Ina kilima kimoja ambacho mtu mwenye beseni kichwani anakipanda kwa kuhesabu pumzi. Nimezisikia pumzi zake. Ana miaka sitini na sita.

Kijitoni alijaza beseni kwa kibuyu, polepole, akitoa majani. Nikasema, Bake, ni mimi.

Akasema, "Najua, Baba Sanni."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu siku ya mkutano, nilipokataa kula. Nikasema mbona hukusema. Akasema alikuwa anangoja niseme mimi. Alidhani nitasema kesho yake. Kisha alidhani nitasema wiki ile. Kisha akaacha kudhani.

Akainama nimtwike. Nikamtwika. Nilitaka kubeba mimi, akasema nitamwaga.

Tumerudi. Nimelitoa bomba langu ukutani, nimelipeleka shambani, mbali. Nimelichukua na lile dumu la kisima. Bake ameona, hakusema kitu. Kazi ya kusema hapa ni yangu, na nilikuwa na miaka arobaini na sita ya ndoa ya kuifanya.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda kwa Fifame. Bake alinisindikiza mpaka mlango wa darasa, akasimama nje, akasema anasikiliza, nisitunge.

Nikaanza kwamba kulikuwa na mzee mmoja. Bake akakohoa. Nikaanza upya. Nikasema yote: mifuko ya maji, dirisha, mwarobaini, kichupa cha macho, matone matano. Nilisema manne, Bake akakohoa, nikasema matano. Nikasema na kibuyu. Nikasema kwamba mgeni akikataa maji yako, amekukataa wewe na aliyekuzaa na sururu zake.

Fifame akasema mama yake kule kwao angemchapa kwa kile kibuyu. Akasema aliona aibu siku ile mpaka usiku. Lakini alinusa, babu. Alinusa akajua, na angekunywa kwa heshima tu, angekuwa anadanganya.

Kisha akasema jambo. Mrija wa akiba bado anao. Mashine ya kuchimba itakuwa hapa wiki moja, na kuna fungu la fedha la kisima cha tatu kama sababu itapatikana. Jumatatu gari linapeleka barua Kotonu. Mrija ukienda na gari hilo, majibu yatarudi kwa simu kabla mashine haijaondoka. Jumatatu asubuhi tutachota maji ya namba saba upya.

Lakini mmoja tu. Ukiharibika huu, basi. Mpaka pamba ya mwaka kesho kutwa.

Akasema atachota Bake. Atakayekaa kutazama matone ni Bake. Mimi nikae hatua arobaini. Nikakubali. Nilikubali kwa moyo wote! Ningekubali hata mia.

Njiani Bake alinishika mkono. Watu walituona. Mwache aone anayeona.

Jumatatu, 1 Septemba

Naandika hapa hapa, darasa la tatu, daftari likiwa gotini, maana sina kazi nyingine ya kufanya kwa mikono.

Asubuhi imekwenda vizuri. Bake amechota. Fifame amelowesha unga, amefungulia, tone la kwanza limeanguka, mimi nikiwa nje hatua arobaini nilizozihesabu mwenyewe, ndefu. Kisha wakaja kumwita Fifame: maji yametoka kwa Seko, aje ashuhudie. Akaenda mbio. Bake akabaki na matone. Kisha akaja mke wa Sanni, mtoto amepata joto. Bake akasimama. Akatazama mrija, akatazama nje, akaniita.

Akasema, "Kaa. Mikono juu ya magoti. Usiguse kitu, Baba Sanni. Nakuamini."

Nakuamini! Neno hilo sijalisikia tangu mwaka wa mavuno makubwa.

Nimekaa. Mikono juu ya magoti. Tone. Tone. Naona aibu yangu yote ikishuka ndani ya ule mrija, kidogo kidogo, na moyo unakuwa mwepesi. Nimebadilika. Nasema kweli. Mtu anaweza kubadilika akiwa na sabini na moja. Mipango basi. Sumu basi, kabisa, hata kuishika sitaishika tena. Nimejifunza.

Nusu ya maji imepita. Unga umegeuka njano.

Njano hafifu.

Cha Seko kilikuwa kahawia. Nakumbuka vizuri, kahawia iliyoungua. Hiki chetu ni njano ya aibu, njano ya maji ya mchele. Mashine ya Kotonu itatazama rangi hii na kusema watu wa mtaa wa juu wanalalamika bure. Ni ile mvua ya juzi, imeyapunguza makali maji. Si haki! Kisima ni kibaya, kila mtu anajua ni kibaya. Ni rangi tu inayokosea. Bake atapanda kile kilima miaka miwili zaidi kwa sababu ya mvua ya siku moja?

Nina glasi yangu ya chai ya rangi hapa. Nzito, nimeichemsha tangu alfajiri. Chai si sumu. Tunakunywa kila siku. Hata Fifame anakunywa.

Kijiko kimoja, ndani ya chupa.

Na kimoja cha kusawazisha.

Nasikia viatu vya Bake uani. Anaimba. Nafunga daftari, narudisha mikono juu ya magoti. Rangi imetoka nzuri sana.